Pesa kidogo, mbwa mmoja: Ni chanjo gani asikose?

WENGI wetu tunaofuga mbwa hatumfugi kwa mapenzi tu. Mbwa ni askari wa boma. Huku Moi's Bridge, mji ulioitwa Hoey's Bridge enzi za ukoloni, yeye ndiye anayelala nje kulinda ghala la mahindi, ng'ombe wa maziwa na kuku, huku mwenye boma akikoroma. Mshahara wake ni ugali uliobaki, na mfupa siku ya sikukuu. Basi mkulima anapoambiwa kwamba askari huyu anahitaji chungu nzima ya chanjo kila mwaka, naye ndio kwanza ametoka kulipa karo na kununua mbolea, huuliza swali la haki kabisa: ni lazima zote?

Jibu ni la. Si lazima zote, na hata zile za lazima si zote zinazohitajika kila mwaka. Lakini kati ya hizo iko moja ambayo haina mjadala, na ndiyo hiyo inayoachwa mara nyingi.

Mimi ni daktari wa watu, si wa mifugo. Huenda ukashangaa, msomaji, ninatafuta nini katika mambo ya mbwa. Sababu ni kwamba mbwa asiyechanjwa akiugua, haji yeye kwangu. Anayeletwa ni mtoto aliyeumwa naye, akiwa amebebwa na mamaye kwenye bodaboda, jeraha limefungwa kitambaa. Hapo swali la bei ya chanjo ya mbwa huwa limekwisha pitwa na wakati.

Maswali mawili ya kujiuliza

Mbwa huchanjwa dhidi ya magonjwa makuu yafuatayo: kichaa cha mbwa, distempa, parvo, homa ya ini ya mbwa, leptospirosi (homa iletwayo na mkojo wa panya), na kikohozi cha mbwa. Distempa, parvo na homa ya ini kwa kawaida huwa katika sindano moja. Mara nyingi leptospirosi huchanganywa humo humo. Chanjo ya kichaa huwa na chupa yake.

Kama mfuko wako ni mwembamba, usianze kwa kuuliza bei. Anza na maswali mawili. La kwanza: ugonjwa huu unaweza kutoka kwa mbwa ukampata mtu? La pili: mbwa wangu, kwa umri wake na mahali anapoishi, yumo hatarini kiasi gani? Ukijibu maswali hayo mawili kwa kila ugonjwa, orodha itajipanga yenyewe.

Ya kwanza: Kichaa cha mbwa

Ugonjwa huu hauna mchezo. Virusi vyake hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa, huingia kwa jeraha la meno au mkwaruzo, kisha husafiri polepole ndani ya mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Kwa binadamu safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi 2 au 3, ingawa yaweza kuwa wiki moja au mwaka mzima. Dalili zikishaanza, yaani mgonjwa akianza kuogopa maji, kuweweseka na kushindwa kumeza, sisi madaktari hatuna tiba. Karibu kila anayefikia hapo hufariki.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia. Katika kila wagonjwa 100, 99 huwa wameambukizwa na mbwa. Wanaoumwa zaidi ni watoto, kwa sababu mtoto hucheza na mbwa asiyemjua, humnyang'anya mfupa, tena kimo chake humfanya aumwe usoni na kichwani, karibu na ubongo.

Hapa Kenya ugonjwa huu ulithibitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa karibu na Nairobi. Zaidi ya miaka 100 baadaye ungali nasi. Serikali ilitoa mpango wa kuutokomeza kati ya mwaka 2014 na 2030, na nguzo ya mpango huo ni moja: kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100, mwaka baada ya mwaka. Kiwango hicho kikifikiwa, virusi hukosa mbwa wa kutosha wa kuruka kutoka mmoja hadi mwingine, na ugonjwa huzimika. Kwa hivyo unapomchanja mbwa wako hukingi boma lako pekee. Unamkinga pia mtoto wa jirani anayepita hapo akienda shuleni.

Mkulima asisahau mali yake pia. Mbwa mwenye kichaa humwuma ng'ombe vilevile. Ng'ombe huyo hudondosha mate, hushindwa kumeza, na mwenyewe, akidhani amekwamwa na kitu kooni, hutia mkono mdomoni kukitoa. Hivyo ndivyo mtu anavyoweza kuambukizwa bila kuumwa na yeyote. Mbwa naye ana kichaa cha aina hiyo: hakimbii wala habweki, bali taya limelegea, mate yanamtoka, ametulia pembeni kana kwamba ameshikwa na mfupa kooni. Usimtie mkono mdomoni kamwe.

Kwa mbwa aliyekomaa ambaye hajawahi kuchanjwa, sindano moja ya kichaa hutosha kumwanzishia kinga. Kinga hiyo huchukua wiki kadhaa kukamilika, kwa hivyo usimchanje leo ukamwacha azurure kesho ukidhani mambo yamekwisha. Iko chanjo iliyoidhinishwa kukinga kwa miaka 3, lakini mazoea ya idara ya mifugo hapa nchini ni kuchanja kila mwaka, nami nakushauri ufuate hivyo. Mbwa wetu huzurura, hukutana na wengine sokoni na kwenye vichinjio, na kadi hupotea. Tarehe moja ya kila mwaka ni rahisi kukumbuka kuliko hesabu ya miaka mitatu.

Kwa hivyo ikiwa una pesa za chanjo moja tu mwaka huu, ni hii. Usibadilishe na nyingine yoyote.

Ya pili: Sindano ya distempa, parvo na homa ya ini

Magonjwa haya matatu hayamwambukizi binadamu, kwa hivyo hakuna mtu nyumbani kwako atakayekufa kwayo. Lakini huua mbwa. Parvo humharisha damu na kumtapisha hadi akauka maji mwilini. Virusi vyake hukaa katika udongo miezi mingi, ndiyo sababu watoto wa mbwa hufa mmoja baada ya mwingine katika boma moja. Distempa huanza na makamasi na matongo machoni, kisha humalizia kwa mitukutiko na degedege. Mara nyingi wanakijiji hudhani ni kichaa. Mwaka 1994 distempa iliyotoka kwa mbwa wa vijijini iliingia katika mbuga ya Serengeti huko Tanzania, ikaua karibu thuluthi moja ya simba, na ikavuka hadi Maasai Mara. Ikiwa inamwangusha simba, mbwa wako ni nani?

Hata hivyo, hapa ndipo pesa nyingi zinapoweza kuokolewa. Watu wengi huambiwa warudie sindano hii kila mwaka. Miongozo ya madaktari wa wanyama duniani inasema vingine: mbwa aliyekomaa ambaye amekwisha pata chanjo hizi ipasavyo hazihitaji zaidi ya mara moja kwa kila miaka 3. Chanjo hizi hutengenezwa kwa virusi hai vilivyopunguzwa makali, na kinga yake hudumu muda mrefu.

Je, na mbwa uliyempata akiwa mkubwa, hujui alichanjwa au la? Wengine huanza naye upya kama mtoto, sindano tatu mfululizo. Hakuna haja. Watoto wachanga wa mbwa hurudiwa sindano kwa sababu kinga waliyonyonya kwa mama yao huizuia chanjo kufanya kazi, na haijulikani siku hasa itakapokwisha. Mbwa mkubwa hana kizuizi hicho. Kwake sindano moja ya mchanganyiko huu hutosha, kisha umngojee miaka 3. Hata akipitisha tarehe yake, humwanzishi upya, unampa moja tu na kuendelea.

Jambo lingine la kupimia: mbwa wa miaka mitano au sita aliyezurura Moi's Bridge maisha yake yote pengine amekwisha kutana na parvo akashinda. Anayekufa kwa parvo zaidi ni mtoto. Kwa hivyo ikiwa bomani kuna mbwa mkubwa na mtoto wake, nawe una pesa za sindano moja tu ya aina hii, mpe mtoto. Na ikiwa mtoto huyo hatapata nyingine maishani, basi apewe akiwa na wiki 16 au zaidi, wakati ile kinga ya mama imekwisha. Chanjo ya kichaa nayo wapewe wote wawili.

Ya tatu: Leptospirosi, kulingana na mahali

Ugonjwa huu huletwa na vijidudu vinavyotoka katika mkojo wa panya na wanyama wengine, na huishi katika maji yaliyotuama na udongo wenye unyevu. Mbwa hupata homa, hutapika, macho yake huwa ya manjano na figo huharibika. Binadamu naye huupata, kwa maji hayo hayo au kwa mkojo wa mbwa mgonjwa. Si ugonjwa wa mbali. Mwaka 2004 ulizuka katika eneo la Bungoma, si mbali na hapa.

Sasa tazama boma lako. Ukanda huu ni wa mahindi, na penye ghala la mahindi pana panya. Kama mbwa wako hukamata panya, hulala chini ya ghala, au hunywa maji ya mitaro na kando ya mto Nzoia, basi chanjo hii ina maana kwako. Kama yuko uani mjini, pakavu, pasipo panya wengi, yaweza kungoja.

Lakini ujue gharama yake kabla ya kuanza. Mara ya kwanza huwa sindano mbili, ya pili ikifuata baada ya wiki 2 hadi 4, kisha moja kila mwaka. Kinga yake ni fupi, na ukiiacha kwa muda mrefu unaanza tena na mbili. Anayetoa ya kwanza akaacha ya pili ametupa pesa. Tena haizuii aina zote za vijidudu hivyo. Ikiwa huwezi kuimudu kila mwaka, pesa zako zitafanya kazi zaidi ukiinua ghala kutoka ardhini, ukiziba mashimo ya panya, na kumwekea mbwa maji safi katika sufuria yake. Hilo litakukinga hata wewe.

Ya mwisho: Kikohozi cha mbwa

Hii ni ya mbwa wanaokusanywa pamoja: wa makampuni ya ulinzi, wa maonyesho, au wanaoachwa katika nyumba za kulelea mbwa wenyewe wakisafiri. Kikohozi chenyewe kwa mbwa aliyekomaa na mwenye afya mara nyingi huisha bila matata. Mbwa wa bomani anaweza kuikosa bila wewe kukosa usingizi.

Jinsi ya kupunguza gharama bila kupunguza kinga

Kwanza, jiungeni majirani. Chanjo ya kichaa aghalabu hupatikana katika chupa ya dozi 10. Ikifunguliwa haiwekwi hadi kesho kutwa. Hutumiwa siku hiyo hiyo. Daktari wa mifugo akiitwa kwa mbwa mmoja, mwenye mbwa hulipia safari yote. Mkiwa na mbwa 10 katika boma moja asubuhi moja, nauli mnagawana na chupa inakwisha. Kikundi cha akina mama au chama cha ushirika cha maziwa kinaweza kulipanga jambo hili kwa nusu saa ya mkutano.

Pili, ulizia kampeni. Huduma za mifugo ziko chini ya kaunti tangu ugatuzi wa mwaka 2013. Mara nyingi chanjo za bure au za bei nafuu hutolewa karibu na Septemba 28, ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Siku hiyo inamkumbuka Louis Pasteur, Mfaransa ambaye mwaka 1885 alimpa mtoto aliyeumwa na mbwa chanjo ya kwanza ya kichaa. Muulize afisa wa mifugo wa wadi au chifu wako mapema, usingoje kusikia kipaza sauti siku yenyewe ukiwa shambani.

Tatu, chagua msimu wako. Januari ni karo, Machi ni mbegu na mbolea. Pesa huonekana baada ya mavuno. Ikiwa Septemba imekupita, weka siku moja mwezi wa Novemba au Desemba, iandike nyuma ya mlango, na iwe hiyo hiyo kila mwaka.

Nne, usigawanye dozi. Wako wanaodhani mbwa mdogo atosheke na nusu. Chanjo si kama dawa ya minyoo ambayo hupimwa kwa uzito. Mbwa mdogo na mkubwa hupata dozi ile ile. Nusu dozi ni pesa uliyomwaga chini.

Tano, angalia chanjo ilikokaa. Inatakiwa iwe katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, isigande na isipate joto. Ukiona agroveti ameitoa kwenye rafu yenye jua, au friji imezimwa kuokoa umeme, ondoka. Vilevile hakikisha anayechoma ni mtu aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, na akuachie kadi yenye jina la chanjo, nambari ya chupa, tarehe na sahihi. Kadi hiyo ni muhimu siku mbwa wako akimwuma mtu.

Mzee mmoja alinionyesha risiti ya dawa ya minyoo akasema, "Daktari, huyu wangu amechanjwa." La, mzee wangu. Dawa ya minyoo ni nzuri, na dawa ya kupe pia, lakini hakuna hata moja inayozuia kichaa.

Swali lingine nisikialo ni la mbwa mzee: "Amebakiza siku chache, achanjwe ya nini?" Achanjwe kwa sababu meno angali nayo. Na yule anayefungwa mnyororo? Achanjwe pia, maana mbwa mwenye kichaa ndiye humfuata alipo, na aliyefungwa hawezi kukimbia. Asiyefaa kuchanjwa siku hiyo ni mbwa mgonjwa, mwenye homa au aliyedhoofika sana, atibiwe kwanza. Mbwa mwenye mimba asipewe ile sindano ya virusi hai. Baada ya chanjo anaweza kupoa siku moja au kuvimba kidogo mahali pa sindano. Akivimba uso, akitapika au kuzimia muda mfupi baadaye, mrudishe kwa daktari mara moja.

Akikuuma, usingoje

Hata kama umefanya yote hayo, mbwa wa mwingine anaweza kukuuma. Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Usipake mafuta ya taa, pilipili wala majani. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo, hata kama mwenye mbwa anaapa kwamba amechanjwa. Nenda na ile kadi. Mbwa, kama anaweza kufungwa bila hatari, asiuawe. Afungwe na kuchunguzwa siku 10. Akiwa hai na mzima baada ya siku hizo, hakuwa na virusi katika mate siku alipouma. Lakini wewe usingoje siku hizo 10 ziishe ndipo uanze sindano.

Sindano za mtu ni kadhaa, kwa kawaida 4 au 5 za msuli katika muda wa mwezi mmoja au karibu na hapo, na jeraha baya huhitaji pia dawa nyingine ya kingamwili ambayo haipatikani kila mahali. Dozi moja ya mtu hugharimu mara kadhaa zaidi ya dozi ya mbwa. Kituo cha karibu kikiwa kimeishiwa, utaongeza nauli ya Kitale au Eldoret, mara moja kwa kila dozi. Nimeona familia ikiuza mbuzi kumalizia sindano za mtoto mmoja. Pesa hizo zingewachanja mbwa wote wa kijiji.

Kwa ufupi basi: kichaa cha mbwa kila mwaka, bila kukosa. Distempa, parvo na homa ya ini mara moja, halafu kila miaka 3. Leptospirosi kama panya na maji machafu ni jirani zako, na kama utaweza kuiendeleza. Kikohozi, wakati mbwa wako anapokaa na mbwa wa watu wengine. Ukiishia kwenye ile ya kwanza kwa sababu mfuko umekauka, usione haya. Umefanya kubwa kuliko yote.

Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa ugonjwa huu, dalili zikishaanza, tiba yenyewe haipo. Jioni ya leo utakapomtupia askari wako ugali wake, mtazame, ukumbuke ni lini alichomwa mara ya mwisho. Kama hukumbuki, kesho mapema pita kwa afisa wa mifugo.